Tarehe Nane Mwezi Hakuna

"Dada, tarehe nane mwezi hakuna."

Kaka yetu wa Malawi aliniambia hivyo jikoni akisonga ugali, Jumatatu ya tarehe 3 Juni 2013. Kiswahili chake kilikuwa na umri wa miezi minne, na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kukisahihisha. Nikamjibu bila kuinua macho kwenye daftari: "Mwezi ndiyo kwanza umeanza, kaka. Posho ipo." Alinitazama kidogo kama mtu anayetafuta neno, akalikosa, akarudi kwenye mwiko wake.

Tulikuwa wanne katika nyumba ya kupanga Igombe, upande wa ziwani wa Ilemela, safari ya daladala kutoka Mwanza mjini. Sote walimu wa muziki wa kujitolea. Mmalawi alifundisha gitaa na ngoma, dada wa Norwei fidla, kaka wa Uganda tarumbeta. Mimi, mtu wa Mombasa, nilipewa kwaya. Kalenda ya ukutani jikoni ndiyo iliyotutawala: zamu ya kupika, zamu ya kununua maji ya madumu, zamu ya kuyachemsha. Kuoga ziwani tulikatazwa kwa sababu ya kichocho, na jioni za joto katazo hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Mama mwenye nyumba alitupitishia michembe na kutufundisha salamu za Kisukuma. Kila asubuhi alisimama mlangoni hadi kila mmoja aitikie "mwangaluka" yake sawasawa.

Katika wote wanne, mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa ndani ya Kiswahili. Sokoni nilitangulia mimi, kikao na wazazi nilizungumza mimi, na mwenye daladala akitaka kutuzidishia nauli nilisimama mimi. Bila kujua, nikaanza kujiona mwenyeji. Mwenyeji haulizi.

Kwaya yangu ilikuwa na watoto thelathini na wanne. Niliwafundisha do, re, mi kwa alama za mikono, ngumi ya do, kiganja kilicholala cha mi, kidole cha fa kinachotazama chini, na masikio yao yalishika haraka kuliko nilivyotarajia. Shida yangu ilikuwa mahudhurio. Wiki mbili wanakuja wote, wiki inayofuata nusu hawapo, kisha wanarudi bila maelezo kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikasirika. Nikaweka sheria: kila anayekosa, msalaba mwekundu kwenye daftari, misalaba mitatu mfululizo, huna nafasi tena. Wiki ya pili ya Mei nilimtoa msichana wa miaka kumi na mitatu, sauti ya pili bora niliyokuwa nayo, mwenye uwezo wa kushika noti yake huku wote waliomzunguka wameshapotea. Hakujitetea. Alisema, "Sawa, mwalimu," akaondoka. Nikajiambia kwamba nidhamu ni nidhamu.

Tamasha letu nililipanga Jumamosi ya tarehe 8 Juni, saa kumi jioni. Viti vya kukodi, wageni kutoka mjini, wazazi wote wamealikwa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilihesabu kwamba hakuna wa kunipa udhuru.

Walikuja watoto kumi na mmoja. Wadogo karibu wote, sauti ya kwanza tupu. Tulisubiri hadi saa kumi na moja na nusu, wageni wakitazama saa zao kwa adabu. Wimbo wa sauti nne ukaimbwa kwa sauti moja na nusu. Wazazi niliowaona hawakufika kumi. Nilimaliza, nikashukuru, nikaenda nyuma ya stoo ya viti nikalia.

Usiku ule hatukuzungumza mezani. Nilitoka kukaa barazani. Mbele yangu ziwa lilikuwa limejaa taa, mamia, zimejipanga mbali kule kama mji mwingine ulioota juu ya maji. Karabai za wavuvi wa dagaa. Nilikwisha kuziona mara nyingi. Niliwahi hata kumwandikia mama yangu jinsi zilivyo nzuri. Mmalawi alitoka akaketi kando yangu. Hakuniambia kitu. Alinyoosha kidole juu, mbinguni, ambako palikuwa na nyota tu.

"Mwezi hakuna," alisema.

Hapo ndipo nilipomsikia. Si mwezi wa kalenda wala wa posho. Mwezi wenyewe.

Kwa Kiswahili chake cha kuunganisha na mikono yake akanieleza. Kwao Nkhata Bay, kwenye ziwa ambalo Watanzania huliita Nyasa, samaki wadogo wanaoitwa usipa huvuliwa vivyo hivyo. Taa huwavuta juu usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, maji yote yana mwanga, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Kwa hiyo watu hufuata giza, na mbalamwezi ikikomaa hupumzika, hushona nyavu, huoa, hucheza ngoma. Mimi nimezaliwa pwani. Mjomba wangu alivua Likoni maisha yake yote, na maneno ya bamvua na maji mafu niliyajua kabla ya kujua kusoma. Lakini ziwa halina kupwa na kujaa kwa namna ya bahari, nikadhani basi halina saa.

Alfajiri ya Jumapili alinipeleka mwaloni. Bado kulikuwa na kiza, na mitumbwi ilikuwa inaingia mmoja baada ya mwingine, ndoo zikipita kutoka mkono hadi mkono. Dagaa wabichi wanang'aa kama fedha iliyoyeyuka. Lazima waanikwe mapema walipate jua zima, wageuzwe, waanuliwe kabla ya umande, na usiku ukiingia mitumbwi inatoka tena. Kazi hiyo haimsubiri mtu, na inataka mikono yote ya nyumba. Juu ya mchanga, juu ya vichanja, juu ya mawe makubwa ya Mwanza yaliyolala hadi majini, walikuwapo: besi zangu, tenori zangu, sauti ya pili yangu yote. Kijana mmoja aliponiona alishtuka akaficha ndoo nyuma ya mguu.

Yule msichana alikuwa na bibi yake kwenye jiwe la mwisho, wanatandaza dagaa kwa viganja. Nilimwamkia bibi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Nikasema nimekuja kuomba radhi, kwamba nilimfukuza mjukuu wake kwa kosa langu mwenyewe. Msichana alinyamaza, hakutaka kutafsiri. Mmalawi akamwambia taratibu, "Mwambie, mdogo wangu." Akatafsiri kwa Kisukuma akitazama dagaa. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja.

"Anasema," msichana akanigeukia, "kwenu watu wanakula nini?"

Nilimwambia samaki. Bibi akasogea kidogo, akanipisha nafasi kwenye jiwe. Nikavua viatu nikainama. Tulitandaza hadi jua likawa kali, na Mmalawi alikuwa mwepesi kuliko sisi sote, mikono yake ilikwisha kuzoea tangu utotoni. Mahali fulani kwenye mchanga mtu alianzisha wimbo wetu, ule wa jana, nao ukarudi kutoka pande tatu za mwalo: besi kutoka mitumbwini, tenori kutoka vichanjani. Msichana alingoja, kisha akaingia. Noti yake ilikuwa palepale nilipoiacha Mei.

Tulirudia tamasha Jumamosi ya tarehe 22. Mwezi mpevu ulikuwa keshoyake, lakini jioni ile tayari ulichomoza mkubwa mno, wa rangi ya ganda la chungwa, na hatukuwasha taa hata moja. Dada wa Norwei, ambaye kwao mbali kaskazini jua la Juni halizami, alikuwa akirudia kusema hajawahi kuona usiku mweupe wa namna hii. Watoto thelathini na wanne. Wavuvi walikuja na kukaa nyuma, juu ya mitumbwi iliyofudikizwa. Bibi alikaa mbele, kwenye kiti cha kukodi, mikono juu ya magoti. Nyuma yetu ziwa lilikuwa tupu, halina karabai hata moja.

Asubuhi yake nilimkuta Mmalawi jikoni ameishusha kalenda, anachora viduara kwenye tarehe za giza hadi Desemba. Nilikaa naye mezani, nikafungua daftari langu kwenye ukurasa wa Mei. Juu ya ile misalaba mitatu, kwenye jina la msichana, niliandika kwa kalamu ya bluu: giza. Kisha nikaanza jina lililofuata.