Sisi nasi tufanye nini?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Luka 3:14. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza, sisi nasi tufanye nini? Akawaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watosheke na mishahara yao.

Mstari huu hunijia kila nikiwa kwenye daladala Barabara ya Bagamoyo na konda akaita, "Lugalo wapo?" Kambi ile ya jeshi hapa Dar es Salaam Waingereza waliiita Colito, kwa kumbukumbu ya mapigano ya Mei 1941 huko Ethiopia, ambako askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, walipambana na Waitaliano. Uhuru ulipokuja 1961, jeshi likaitwa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, lakini wakubwa wa kikosi walibaki Waingereza, na mshahara wa askari ukabaki mdogo.

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wa Colito walitwaa silaha, wakawakamata maofisa wao, wakaingia mjini. Waziri Oscar Kambona alikwenda kambini kuzungumza nao huku bunduki zikimzunguka. Mjini maduka yalivunjwa na watu wakafa, raia ambao hawakuwa wamemnyima askari hata senti moja. Siku iliyofuata Tabora nao wakaasi. Alfajiri ya 25 Januari makomando wa Kiingereza, walioombwa na serikali ya Mwalimu Nyerere, walishuka Colito kwa helikopta kutoka kwenye manowari Centaur. Nchi ina miaka miwili tu ya uhuru, inamwita mtawala wa jana aje kulinyang'anya silaha jeshi lake! Mwalimu hakuficha kwamba ile ilikuwa aibu.

Jeshi lile likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa 1 Septemba 1964, na kambi ikapewa jina la Lugalo, kule Iringa ambako Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani 17 Agosti 1891.

Tukisimulia habari hii huwa tunakemea uasi, na ni haki kuukemea: dai la kweli likibebwa kwa mtutu, anayeumia ni mwenye duka aliyelala na wanawe. Lakini mshahara tunauruka. Hilo neno "mtosheke" sisi tunaolipa wengine tunalipenda mno. Mungu huyo huyo, katika Walawi 19:13, amekataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Usiku mmoja tu, wapendwa.

Nilikuwa naandaa tafakari hii Jumanne usiku, kalamu ikakwama hapo. Dada anayenisaidia kazi nyumbani alikuwa jikoni anaosha masufuria. Mshahara wake ulikuwa umepita siku tisa, na pesa ninayo. Niliinuka nikampelekea. Alijifuta mikono kwenye kanga, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Asante, mama." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutoka kidogo kabla wakala hajafunga, maana mtoto wake kijijini alirudishwa nyumbani tangu wiki iliyopita kwa sababu ya mchango wa shule.