Neno Nililompelekea Bibi

Juzi usiku binti yangu, daftari la Kiingereza mapajani, aliniuliza: "Mama, mbona ndani ya woman mna man?" Nikamweleza kuwa Waingereza wa kale walisema wīfmann: wīf ni mwanamke, mann ni binadamu, wa kike au wa kiume. Akaridhika, akalala. Mimi usingizi ukanipaa.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizoni kwa Bibi, mtaa wa Kibokoni, Mombasa. Katika kamusi niliyoiazima shuleni nilikuta neno muliebrity: hali ya kuwa mwanamke. Nikatoka nalo mbio hadi barazani.

Bibi alikuwa akisuka ukili wa mkeka, leso kiunoni, miyaa mibichi imelala miguuni pake.

"Hebu litamke tena." Nikalitamka. Akalijaribu mwenyewe, silabi kwa silabi, vidole havikatizi.

"Asili yake wapi?"

"Kilatini, Bibi. Mulier ni mwanamke. Wareno nao husema mulher."

Nikamwambia na lile la mwalimu, kwamba hata leso ni neno la Wareno.

"Leso tulichukua," akasema. "Mwanamke tulikuwa naye. Na la wanaume je?"

"Virility. Kilatini hilo pia, kutoka vir, mwanamume."

"Lasemwa?"

"Lasemwa sana."

"Na hili la kike?"

Nikamwambia ukweli: Waingereza wanalo tangu karne ya 16, lakini limebaki kamusini.

Vidole vikasimama. Bibi alizoea kupokea wageni, kukaripia wajukuu na kupanga bei ya mkeka bila kuuacha ukili. Siku ile ulimlegea mkononi. Alipita mwanamke na kapu la samaki kichwani, Bibi akamfuata kwa macho mpaka akakata kona ya kichochoro.

"Na sisi husemaje?"

"Uanauke," nikajibu upesi.

"Uanaume nausikia kila siku. Hilo lako nani hulisema?"

Sikuwa na jibu. Akalowesha vidole, akarudi kwenye ukili wake.

Likizo ikaisha, kamusi nikairudisha, na miaka michache baadaye tukamzika. Swali lake sijalijibu. Labda neno huwa halisemwi kwa kuwa watu wanaliishi tu. Labda ni kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kulisifu. Nageuka huku, nageuka kule.

Jana asubuhi, nikimsuka binti yangu nywele, nililitaja kwa sauti: uanauke.

"Ndiyo nini, Mama?"

Nikamwambia atulize kichwa, nikaanzia pale barazani kwa Bibi.