Kidoleni 100, ubongoni 48

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 61, mwenye presha ya siku nyingi, amekuja kushonwa kano za bega. Upasuaji huu hufanywa mgonjwa akiwa ameketishwa, kama aliyeegemea kiti cha basi la safari ndefu. Daktari wa mifupa anapata nafasi nzuri; sisi tunaotoa usingizi tunakosa raha, maana damu inabidi ipande mlima hadi kichwani.

Kabla ya dawa yoyote nilimfuta paji la uso kwa spiriti, nikasubiri likauke, nikabandika juu ya nyusi stika mbili za kupima oksijeni iliyo kwenye damu ya ubongo. Stika isiposhika, taa za thieta huingiza mwanga na namba zinadanganya. Akiwa macho alisoma asilimia 67 kushoto, 69 kulia. Niliziandika kwenye kipande cha plasta, nikakibandika kwenye mashine. Hatua hii siiruki, kwa sababu watu hutofautiana: ninachofuatilia ni kushuka kwa moja ya tano kutoka pale mgonjwa alipoanzia. Stika hutumika mara moja na ni ghali, hatumbandiki kila mtu. Lakini mwenye presha anayekwenda kuketishwa, kwangu hakuna mjadala.

Kifaa cha kidoleni husoma oksijeni ya damu inayotoka moyoni. Stika hupenyeza mwanga usioonekana kwa macho kwenye ngozi na mfupa, jambo alilolionyesha mtafiti Frans Jöbsis mwaka 1977, na sehemu kubwa ya damu inayoisoma ni ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ambayo ubongo umeshachukua haki yake ya oksijeni. Ubongo ukipata damu kidogo, kinachobaki kinapungua.

Dakika kumi baada ya kumketisha, kushoto kulisoma 61. Kisha 55. Kisha 48. Kidoleni 100, presha mkononi 92 kwa 54. Nikapima kwa rula kutoka kwenye kitambaa cha presha hadi tundu la sikio: sentimita 27. Mwinuko huo hula milimita 20 za presha.

“Daktari, naomba usimame kidogo. Kichwani damu haifiki vizuri.”

Akainua mikono. Nikaanza na shingo: kichwa kilikuwa kimegeuka na mkanda wa kidevu umeteremka, unabana. Nikakinyoosha, nikalegeza mkanda, 51. Nikatazama hewa ukaa anayoitoa: 28. Hapo kosa ni langu, nilikuwa nampumulisha kupita kiasi, na hewa ukaa ikipungua mishipa ya ubongo husinyaa. Nikashusha pumzi za mashine kutoka 14 hadi 10 kwa dakika, nikampa efedrini, dawa ya kupandisha presha, miligramu 6, dripu nikaifungulia.

58. Kisha 64. Presha 126 kwa 72.

“Niendelee?”

“Endelea, daktari.”

Kuanzia hapo kila presha ya mkononi niliitoa 20 kwanza, ndipo nikaiamini.

Alipoamka nilimwomba asogeze miguu. Akasogeza yote miwili. Nikamuuliza majina ya wajukuu, akanitajia wanne bila kusita, kisha akagusa alama nyekundu juu ya nyusi.

“Mwanangu, si mmesema bega? Hapa mmefanya nini?”

Nikavuta kiti, nikamweleza.