Taka za sumu chini ya ardhi: hofu yangu ni mashimo ya zamani

Mimi ni fundi wa vipimo katika kiwanda kimoja cha kemikali kwenye pwani ya Ghuba, Texas. Kati ya vitu ninavyovitunza ni geji za kisima kinachosukuma majitaka yenye sumu hadi zaidi ya kilomita moja na nusu chini ya ardhi, kwenye mwamba wa mchanga uliojaa maji ya chumvi. Watu wakisikia hivyo huuliza swali lile lile: hayarudi juu? Kiwandani wanajibu kwamba hayarudi, wanaopinga wanasema lazima yatarudi, na wote wawili wanajibu haraka mno.

Tuanze na kisima chenyewe. Ni bomba ndani ya bomba. La nje limeshikwa na saruji pande zote, la ndani ndilo linalobeba taka. Katikati yake kuna nafasi nyembamba, imefungwa kwa kizibo kule chini na kujazwa maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Kanuni za Marekani zinataka presha ya nafasi hiyo iwe kubwa kuliko presha inayosukuma taka. Bomba la ndani likitoboka, maji ya dawa ndiyo yanayoingia kwenye taka, na taka haipati njia ya kutoka. Juu kuna tangi dogo linalolisha nafasi hiyo, na mimi tangi hilo naliamini kuliko skrini yoyote. Taka ikija ya moto, maji yale yanatanuka na presha inapanda. Pampu ikisimama, yanapoa na presha inashuka. Asiyezoea atashtuka bure. Lakini tangi likipungua taratibu wakati joto halijabadilika, mahali fulani pana tundu. Hapo hakuna mjadala: pampu inazimwa, na ikithibitika kisima kimevuja, mamlaka inapaswa kuarifiwa ndani ya saa 24.

Kila mwaka, juu ya hayo, kuna upimaji. Iodini yenye mnururisho kidogo inaachiwa chini kabisa, kisha chombo cha kunasia mionzi kinashushwa kuona kama imepanda nyuma ya bomba, kule kwenye saruji. Nimeusimamia upimaji huo na ninauheshimu. Kwa upande wa kisima, sheria imefanya kazi yake.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1961 jeshi la Marekani lilichimba kisima karibu na Denver, kwenye kiwanda cha Rocky Mountain Arsenal, ambako zilitengenezwa silaha za kemikali na baadaye viuatilifu. Mabwawa yao ya wazi yalikuwa yameshaharibu maji ya chini ya ardhi na mazao ya wakulima wa jirani, kwa hiyo kisima kilichukuliwa kuwa ndiyo suluhisho. Kilikwenda chini mita 3,671. Machi 1962 wakaanza kusukuma, na mwezi uliofuata ardhi ikaanza kutikisika. Mwaka 1965 mwanajiolojia David Evans aliweka tarehe za matetemeko sambamba na kiasi cha taka kilichosukumwa, akaonyesha kwamba vinapanda na kushuka pamoja. Februari 1966 pampu zikazimwa, baada ya lita zaidi ya milioni 600 kuingia. Matetemeko makubwa zaidi, yenye ukubwa wa takriban 5, yalikuja mwaka 1967, pampu zikiwa zimenyamaza zaidi ya mwaka mzima. Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Presha iliyoko ndani ya mwamba haijui kwamba umezima swichi. Inaendelea kusambaa, na ikikuta ufa au shimo, inalitumia.

Mwaka 1974 ikaja Sheria ya Maji Salama ya Kunywa, na kuanzia mwaka 1980 kanuni za visima hivi. Visima viligawanywa katika madaraja. Vyetu ni daraja la kwanza: lazima taka iingie chini ya tabaka la mwisho la maji yanayoweza kuwa ya kunywa, na presha isipasue mwamba. Kusukuma taka za sumu ndani ya tabaka la maji hayo au juu yake kulipigwa marufuku. Kisha mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo likakaza zaidi. Taka za sumu zisizosafishwa zisitupwe ardhini kabisa, isipokuwa mwenye kisima athibitishe mbele ya EPA, yaani shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, kwamba hazitahama kutoka eneo lililotengwa zikiwa bado na sumu. Kanuni za mwaka 1988 zikaweka muda wa uthibitisho huo: miaka 10,000.

Hesabu za miaka 10,000 hufanywa kwa kompyuta. Unaingiza unene wa mwamba, upenyezaji wake, uzito wa majimaji na presha, unapata ramani ya mahali taka itakapokuwa. Sizidharau hesabu hizo. Tabaka la mfinyanzi mzito lililo juu ya mchanga wetu limeshikilia mafuta na gesi kwa mamilioni ya miaka, na huo ni ushahidi ambao kompyuta haikuutunga. Shida ni kwamba hesabu inaujua tu mwamba ule uliouingiza. Shimo ambalo hukuliingiza, kwa hesabu hiyo halipo.

Na hapa Texas mashimo ni mengi. Tangu mafuta yalipofumuka Spindletop, karibu na Beaumont, mwezi Januari 1901, jimbo hili limechimbwa visima zaidi ya milioni moja. Vya miaka ile ya mwanzo viliachwa kabla ya kuwepo kanuni za kuziba. Vingine vilizibwa kwa magogo, mawe na chochote kilichokuwa karibu, au vilichomolewa mabomba yake ili chuma kiuzwe. Siku hizi mashimo ya zamani hutafutwa kwa vipimo vya sumaku, na sumaku hutafuta chuma. Shimo lililochomolewa bomba unaweza kupita juu yake bila kipimo kuashiria chochote.

Kanuni inamtaka mwenye kisima cha taka za sumu atafute mashimo yote yanayofikia kina cha taka ndani ya angalau maili 2, karibu kilomita 3.2, na aonyeshe yalivyozibwa. Utafutaji unategemea kumbukumbu, na za miaka ya mwanzo zina mapengo. Wataalamu wa viwanda hujibu kwamba mfinyanzi wa pwani ni laini, huvimba na kuliziba shimo lenyewe. Naamini hutokea. Ila nisingependa maji ya kunywa ya watu yategemee “hutokea”. Kama mfinyanzi unaziba, basi mwenye kisima afungue shimo moja la zamani lililo ndani ya eneo lake, alipime na kuonyesha. Ni gharama, najua, lakini kiwanda kinachomudu kisima kinaimudu.

Jambo lililonisukuma kuandika lilitokea kwenye kikao cha wananchi kuhusu kibali cha kisima kingine. Mama mmoja mzee, anayetumia maji ya kisima chake, alisimama na kuuliza nani atakuwa anaangalia baada ya kampuni kuondoka. Aliyejibu alimsomea kifungu kuhusu miaka 10,000, akaketi. Mama alibaki amesimama, anasubiri jibu la swali alilouliza. Niliumia, kwa sababu jibu lipo na alistahili kulipata. Kisima kikifungwa, ufuatiliaji wa maji ya ardhini unaendelea hadi presha ishuke kiasi cha kutoweza tena kuyasukuma majimaji hadi kwenye maji ya kunywa. Kumbukumbu za taka mwenye kisima anazihifadhi miaka 3, kisha anazikabidhi kwa mamlaka. Na kwenye hati ya kiwanja yanaandikwa aina ya taka, kiasi chake na kina zilikoingia.

Miaka 3 kwa mwenye kisima, kisha kabati la serikali. Kwangu hapo ndipo palipo dhaifu, kwa sababu anayechimba kisima kipya cha mafuta miaka 80 ijayo hatasoma hati ya kiwanja cha jirani. Texas visima vya mafuta viko chini ya Tume ya Reli, ambayo licha ya jina lake ndiyo inayosimamia mafuta, na vya taka za viwandani viko chini ya tume ya mazingira. Ramani ya mahali taka ilipo ingepaswa kuwa mbele ya kila anayetoa kibali cha kuchimba, katika ofisi zote mbili.

Vibali hivi havizidi miaka 10, na kila kikija kuhuishwa wananchi hupewa angalau siku 30 za kutoa maoni. Ukiishi karibu na kisima cha namna hii, omba orodha ya mashimo ya zamani yaliyotambuliwa ndani ya zile maili 2. Uliza yapi hayana kumbukumbu za kuzibwa, na utafutaji ulifanywa kwa njia gani. Omba usomaji wa presha ya ile nafasi ya katikati kwa mwaka uliopita, pamoja na viwango vya tangi. Wakikuletea wastani wa mwezi, mwambie afisa unataka usomaji wa kila siku.