Bakteria wa chunusi na maumivu ya mgongo

Miongoni mwa maswali ya tiba ninayoyafuatilia kwa hamu, kwa kuwa nami naishi na mgongo unaouma, ni hili: je, diski ya uti wa mgongo, yaani mto laini ulio kati ya pingili mbili, ikichakaa, inaweza kuwa imeingiliwa na bakteria wasioleta homa wala usaha, bali maumivu yasiyokoma?

Anayeshukiwa zaidi ni Cutibacterium acnes, bakteria wa chunusi, anayeishi katika vinyweleo vya ngozi na kustawi pasipo oksijeni. Ukiyatazama maumbile ya diski, dhana hii haishangazi. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula na oksijeni huifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye pingili zinazopakana nayo, hivyo kitovu chake kina oksijeni haba, na kinga ya mwili hukifikia kwa taabu. Ukuta wake ukipasuka, mishipa midogo ya damu huota kwenye ufa, na bakteria wachache wanaoingia katika damu, hata kwa kupiga mswaki tu, huweza kupata njia.

Mwaka 2001 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliotesha vipande vya diski vilivyotolewa kwa upasuaji. Kati ya wagonjwa 36, vipande vya wagonjwa 19 viliota bakteria, na 16 kati yao walikuwa na huyo wa chunusi. Lakini bakteria huyu huota polepole, hata sahani ya maabara huweza kuachwa wiki mbili, na daktari hawezi kuifikia diski bila kupasua ngozi ileile anamoishi. Kipande kikigusa tu ukingo wa jeraha, maabara itamwona bakteria isijue ametoka wapi. Kwangu mimi, hicho ndicho kiini cha mabishano yote.

Majaribio ya dawa nayo yamekinzana. Nchini Denmark, mwaka 2013, wagonjwa 162 ambao picha za MRI zilionyesha uvimbe wa majimaji ndani ya pingili jirani na diski walipewa antibiotiki au vidonge visivyo na dawa kwa siku 100, na waliopata antibiotiki walipata nafuu kubwa zaidi. Norway ikarudia mwaka 2019 kwa wagonjwa 180 waliotumia amoksilini au vidonge visivyo na dawa kwa miezi mitatu: tofauti ilikuwa ndogo kuliko kiwango ambacho watafiti walikuwa wamekiweka kuwa cha maana, ilhali madhara yaliwapata asilimia 56 ya waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 34 ya wenzao.

Ndiyo maana nasikitika sana ninapomwona mtu akinunua amoksilini dukani kwa ajili ya kiuno, bila cheti cha daktari. Kwetu Afrika Mashariki wapo wadudu wengine ambao bila shaka yoyote hushambulia uti wa mgongo, yaani wa kifua kikuu na wa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na hao hawatibiwi kwa amoksilini. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku, kukonda au miguu kulegea yanahitaji vipimo vya hospitali mapema.