Siku moja ya warsha: wahandisi wa fani nne, beseni moja la maji

Saa 1:30 asubuhi ukumbi bado unanuka dawa ya kudekia, na kazi ya kwanza ni kebo. Zote 12 huchomekwa kwenye laptopu moja baada ya nyingine kuona kama bodi ya ESP32, kompyuta ndogo itakayoendesha kifaa, inatambulika. Kebo nyingi za madukani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data, na kwa macho hutazijua. Ukiiruka hatua hii, saa tano utakuta meza nzima inailaumu programu.

Saa 2:30 washiriki 24 wanasaini fomu za ridhaa, maana hii ni warsha ya utafiti: tunachunguza fikra za kikokotozi, yaani kulivunja tatizo katika hatua ambazo hata mashine ingeweza kuzifuata, zinavyofanya kazi fani zikichanganyika. Mwanasayansi wa kompyuta Jeannette Wing alipoandika juu ya fikra hizo mwaka 2006 alisisitiza kuwa ni za kila mtu, si za watu wa kompyuta peke yao. Kila meza inapata wanne: wa maji, wa ujenzi, wa umeme na wa kompyuta. Wanaofahamiana tunawatenganisha. Kazi yao ni kifaa cha kutoa tahadhari mto ukipanda, na mfano ni Msimbazi, ambao kila mkazi wa Dar anajua unavyoifunga Jangwani.

Saa 3 laptopu zinafungwa. Ni karatasi tu: nani anampa nani nini, na kwa kipimo gani. Mtazamaji wa kila meza anaandika, kila dakika tano, kalamu iko mkononi mwa nani. Ikikaa kwa mmoja dakika 20, tunaihamisha. Wa kompyuta hununa kidogo.

Saa 4 chai na maandazi.

Saa 4:30 ndipo kihisi cha HC-SR04 kinapotoka boksini. Hupima umbali kwa mwangwi wa sauti, kuanzia sentimita 2 hadi 400. Kinatumia volti 5 wakati pini za ESP32 ni za volti 3.3, kwa hiyo umeme wa ishara ya mwangwi lazima upitie rezista ya kilo-ohmu 1, kisha nyingine ya kilo-ohmu 2 iende ardhini (GND). Pini ya ESP32 inachukua umeme kati ya hizo mbili. Mara nyingi zinawekwa kinyume. Pini inapata volti 1.7 hivi, haioni kitu, na watu wanaanza kuandika upya msimbo usio na kosa. Chukua mita ya volti, pima kwanza.

Saa 8 mchana, baada ya wali, tunapima maji. Usitumie ndoo: ni nyembamba, ukuta wake unarudisha mwangwi kabla ya maji. Beseni pana linafaa. Vipimo vitano vya meza moja, kwa sentimita kutoka kihisi hadi maji, huwa hivi: 84, 85, 0, 85, 86. Ukichukua wastani unapata 68, maji "yamepanda" sentimita 17 bila tone kuongezeka. Vipange kwa ukubwa, chukua cha katikati: 85.

Halafu linakuja neno "kina", ambalo kwangu ndilo kiini cha siku nzima. Mhandisi wa maji akisema kina, namba inapanda mto ukipanda. Wa kompyuta ameandika jina hilohilo kwenye umbali kutoka kihisi hadi maji, ambao unashuka mto ukipanda. Kengele inalia beseni likiwa tupu. "Injinia, mto wako umekauka na bado unafurika," atasema mmoja, na meza itacheka. Tiba ni mstari mmoja: kina ni kimo cha kihisi toa umbali. Lakini kimo hicho anacho wa ujenzi, na hakuna aliyemwomba.

Joto nalo. Msimbo ukichukua kasi ya sauti kuwa mita 343 kwa sekunde, hiyo ni ya nyuzi 20. Kwenye nyuzi 32 inakaribia 351, na kwa umbali wa mita 3 kifaa kinakosea kama sentimita 7. Wa umeme akiongeza kihisi cha joto, kosa linakwisha.

Saa 10 meza zinabadilishana karatasi za asubuhi: jenga kifaa cha jirani bila kumuuliza neno. Anayelazimika kuuliza, swali lake linaandikwa mbele ya wote, pamoja na mstari uliokosekana.

Saa 11 rezista zinahesabiwa na beseni linamwagwa. Daftari za watazamaji husomwa jioni hiyohiyo, kwa sababu kesho hakuna atakayekumbuka "K→M?" ilimaanisha nini.