Nilivyonunua hisa Nairobi: oda, ada na siku ya daftari

Hisa zangu za kwanza nilizinunua bila kukanyaga Westlands, liliko Soko la Hisa la Nairobi. Soko halipokei oda kutoka kwa mtu binafsi. Unapitia kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, naye ndiye anayekufungulia akaunti ya CDS, mahali hisa zako zinapokaa. Nilipeleka kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), picha na nambari ya akaunti ya benki. Fomu ilirudi: benki ilikuwa na majina yangu mawili, kitambulisho matatu. Linganisha kabla hujatia sahihi.

Kwenye oda ndiko pesa hupotelea. Ukiagiza "kwa bei ya soko", unauziwa na yeyote aliye mbele kwenye foleni, kwa bei yake. Kwa Safaricom, kampuni kubwa ya simu, si neno, wauzaji wamejaa kutwa. Kampuni ndogo ni habari nyingine: bei ya mwisho inaweza kusoma 20, kumbe muuzaji pekee wa leo anataka 21.50. Kwa hiyo mimi hutaja bei yangu ya juu kabisa, na husoma kwanza foleni ya pande zote mbili, wanunuzi na wauzaji. Oda isipopata mtu, nasubiri. Soko linafungwa saa tisa alasiri, kesho lipo.

Ada za dalali, soko na wengineo, kwa oda ndogo, zilinijia kama asilimia 2.1. Piga hesabu: hisa 100 kwa shilingi 20 ni 2,000, na ada 42. Ukiuza unakatwa tena, kwa hiyo bila kufika takriban 20.86 hujarudisha hata pesa yako. Anayenunua asubuhi auze alasiri anamfanyia dalali kazi.

Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa, nalo lina mtego wa tarehe. Hisa huingia jina lako siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Daftari la wanahisa, orodha ya watakaolipwa, likifungwa Ijumaa, mwisho wako ni Jumanne. Ukinunua Jumatano, gawio ni la aliyekuuzia. Likija, mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kulipwa. Na ukibadilisha benki, mwarifu dalali wiki hiyo hiyo, la sivyo gawio litazunguka, lirudi, na baada ya miaka lipelekwe kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, ambako kulitoa ni fomu juu ya fomu.